Ganda Halisafiri

Simu ilikuwa mezani, ubavuni mwa kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, na Mama Maganda hakuwa ameiondolea macho tangu jua lilipozama. Aliigeuza kifudifudi, akairudisha chali. Aliongeza sauti ya mlio mpaka mwisho, kisha akaingiwa na wasiwasi kwamba huenda ameipunguza badala ya kuiongeza, akaangalia tena. Ujumbe wa mwisho wa binti yake ulikuwa na maneno machache: "Amepokea barua. Ameingia ndani, amefunga mlango. Hajasema kitu."

Baada ya hapo, kimya.

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa bado kwenye mashine yake pembeni ya chumba, akimalizia kola za mashati. Hakupenda kuongea akiwa na pini mdomoni, lakini usiku ule alizitoa.

"Mama, hiyo simu ukiikodolea hivyo itaota mbawa?"

"Acha iote."

"Kalale. Neno umeshalisema."

"Nimelisema, baba. Kusikiwa ndiyo bado."

Neno lenyewe lilikuwa hili. Kesho yake, saa nne asubuhi, jumba la makumbusho la mji lilikuwa lifungue chumba kipya, na watoto wa shule mbili walikuwa waingie wa kwanza. Katikati ya chumba, juu ya meza yenye kitambaa chekundu, lililazwa kombora la zamani la mzinga, urefu wa mkono wa mtu mzima. Mama Maganda alikuwa hajaliona ila kwenye picha. Lakini alikuwa amesema, na binti yake amemwandikia mkurugenzi, kwamba kombora lile halijawahi kupigwa maisha yake yote, na kwa hiyo huenda bado lina baruti tumboni. Mkurugenzi akisikia, chumba kitabaki kimefungwa na wanajeshi wa mabomu wataitwa. Asiposikia, mlango utafunguliwa na watoto wataingia. Na ikiwa mama amekosea, binti aliyeajiriwa kwa mkataba mfupi kutunza kumbukumbu za jumba lile kibarua chake kitaota nyasi kabla ya mwezi kuisha.

Hakuitwa Mama Maganda kwa sababu ya karanga, ingawa wageni wa mtaa hudhani hivyo, na wapo waliowahi kufika mlangoni kwake na bakuli. Maganda yake ni ya mizinga: yale makopo marefu ya shaba ya njano ambayo watu huyapandia maua au kuyatundika shuleni kuwa kengele. Anayo ishirini na matatu, yamepangwa kwenye rafu aliyoigongelea mwenyewe, makubwa chini, madogo juu. Kila moja lina ukurasa wake kwenye daftari la mistari: lilipatikana wapi, nani alilileta, lina uzito gani kwenye mizani ya jikoni, na kitakoni limeandikwa nini.

Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua na wadogo zake wakakosa wa kuwaangalia. Mtoto anayelala chumba kimoja na wadogo watatu na mgonjwa hujifunza kulala jicho moja, na jicho lile jingine halikupata kufumba tena. Hata leo hawezi kutoka nyumbani bila kurudi kuvuta kitasa. Jirani akikohoa, yeye ndiye wa kwanza kujua kama ni vumbi au ni kifua. Watoto wake walikua wakimcheka. "Mama anaogopa hata kivuli cha birika," walisema, naye alijibu, "Birika lina maji ya moto. Kivuli chake kiko karibu nalo."

Alipoolewa alipata kazi kwenye yadi ya vyuma chakavu, kuchambua: chuma huku, bati kule, shaba pembeni. Wenzake walichambua kwa kutupa. Yeye alichambua kwa kugeuza. Hakuna kitu alichokiweka kwenye fungu kabla ya kukitazama mgongo na tumbo. Siku moja akatoa kwenye gunia kopo refu, jeusi kwa moshi, ambalo kitakoni limepigwa herufi na namba kwa mduara.

"Hiki nini?" alimuuliza mwenye yadi.

"Chombo cha maua."

"Chombo cha maua kinaandikwa mwaka?"

"Wewe umekuja kuchambua au kukihoji? Tupa kwenye shaba."

Hakukitupa kwenye shaba. Alikinunua mwenyewe, akakifunga kwenye gazeti, akakipeleka kwa mzee aliyekuwa akimnolea mumewe mikasi. Mzee yule aliwahi kuwa fundi silaha jeshini, na mtaa mzima ulimwita Sikio Moja. Masikio yote mawili yalikuwapo kichwani pake, ila la kushoto lilikuwa limeacha kazi tangu siku aliposimama karibu mno na mzinga. Aliyetaka kumsengenya alikaa kushoto kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Zunguka upande huu. Haya, marahaba. Umeleta mkasi?"

Akamfungulia gazeti. Mzee hakuutazama mdomo wa kile kitu wala ubavu wake. Alikipindua mara moja, akavaa miwani.

"Watu wote huanza na mdomo," alisema. "Mdomo hudanganya. Kitako hakidanganyi."

"Mzee!"

"Mzee nini? Nasema ganda."

Ikawa hivyo kwa miaka minne. Kila alipopata nafasi alikwenda na mkasi mmoja, na mumewe husema mpaka leo kwamba mikasi yake haijawahi kuwa mikali kama miaka ile. Sikio Moja alimfundisha kuweka karatasi juu ya kitako na kusugua kwa penseli mpaka chapa zijitokeze zenyewe, hata kama shaba imekula kutu ya kijani. Alimfundisha kutembea na sumaku ndogo mfukoni, maana kuna watu hupaka bati rangi ya shaba na kuapa kwa mama zao. Alimfundisha kupapasa: ganda la kweli limevutwa kiwandani kutoka kipande kimoja cha shaba, mdomo wake ni mwembamba na kitako chake kinene. Lililomiminwa juzi kwa fundi wa mtaani huwa nene kote kote kama chapati ya mtu mvivu.

Jambo la kwanza kabisa alilomfundisha, hata hivyo, lilikuwa neno.

"Ninyi mkiona kitu cha mzinga mnasema kombora, basi, mmemaliza," Sikio Moja alilalamika. "Kombora lipi? Kuna kichwa na kuna ganda. Ganda linabeba baruti ya kusukuma. Kichwa ndicho kinachoruka. Mzinga ukipigwa, kichwa kinakwenda kwa adui, ganda linabaki miguuni pa mpigaji, tupu, la moto. Ganda halisafiri. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

"Sasa ukikuta kichwa na ganda bado vimeshikana, hilo ni kitu gani?"

Alifikiri. "Ni kitu ambacho bado hakijafanya kazi yake."

Mzee alivua miwani akamtazama vizuri. "Na likiwa hivyo unafanya nini?"

"Nakimbia?"

"Kukimbia ni kutikisa ardhi. Unarudi nyuma polepole na unaita wenye kazi. Huligusi, hata kama lilikuwa kitandani kwa bibi wa mtu miaka mia."

"Mzee, mimi ni mwoga sana. Labda kazi hii si yangu."

"Wasioogopa niliwazika," alisema Sikio Moja, akaendelea kunoa.

Baada ya mzee kufariki, wale waliokuwa wakimfuata na maganda yao wakajikuta hawana pa kwenda ila kwa mke wa fundi cherehani. Wa kwanza walikuja kwa aibu. Baadaye wakawa wanatumana. Mwaka mmoja alikuja bwana mmoja mwenye tai, mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka mji mwingine, na ganda linalong'aa kama sinia la harusi. Alitaka karatasi yenye maneno ya Mama Maganda kwamba ni la vita kuu ya kwanza. Mama Maganda alichukua kioo cha kukuzia, akakaa nalo dirishani mpaka bwana yule akamaliza chai na kuanza kuhesabu pini za fundi.

"Mwaka si umeandikwa hapo, mama? Soma mwenyewe."

"Nimesoma, baba. Ganda ni la zamani kweli. Mwaka ndio mchanga."

"Mchanga vipi?"

"Njoo uone. Herufi za zamani zina giza chini, uchafu wa miaka umejaa humo. Hizi za mwaka zinang'aa mpaka chini. Halafu tazama mkwaruzo huu. Unaanzia huku, unafika kwenye namba, unapotea, unatokea upande wa pili. Maana yake mkwaruzo ulikuwapo kabla ya namba. Umeona wapi mtu akajikuna kabla ya kuzaliwa?"

Fundi cherehani alicheka mpaka pini zikamwagika. Bwana mwenye tai alifunga ganda lake bila kuaga vizuri, lakini mlangoni akageuka.

"Nani alikusomesha mambo haya?"

"Woga," alisema Mama Maganda.

Binti yake alikulia chini ya rafu ile. Herufi zake za kwanza alizisoma kwenye vitako vya maganda, kwa kuzisugua na penseli kama mama yake, na mwalimu wake wa darasa la kwanza alishangaa kuona mtoto anayeandika namba kwa kuzipanga mduara. Alisoma mpaka chuo. Alipoajiriwa kwenye jumba la makumbusho, mama mtu alivaa nguo mpya siku tatu mfululizo, na aliyemuuliza kuna nini alijibiwa, "Hakuna kitu. Mtu havai?"

Ndiyo sababu juzi, binti alipoingia nyumbani akiwa na furaha tele na karatasi mkononi, mama alidhani ni habari njema tu.

"Nisomee, Mama. Hiki ndicho kibao kitakachowekwa ukutani. Uone kama nimekosea herufi."

Mama akasoma: "Kombora hili lilipigwa na mzinga wakati wa vita. Lilitoboa paa la nyumba ya babu wa mtoaji, likaangukia sebuleni bila kulipuka. Askari waliitwa, wakalitoa baruti, wakamkabidhi mwenye nyumba liwe kumbukumbu."

Alisoma mara mbili, maana mara moja haikuwahi kumtosha. Kisha akaomba picha. Binti alikuwa nazo zote kwenye simu, za ubavu, za kichwa na za kitako, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mama akaikuza ya kwanza kwa vidole viwili.

"Hili limeangukaje na ganda lake?"

"Ganda gani? Si kombora zima hilo?"

"Mwanangu, ukila karanga, ganda unalimeza?"

Binti alikuwa amelijua neno lile tangu akiwa na meno ya utoto, lakini chuoni walimfundisha kuandika kombora, na fomu za jumba zilisema kombora, na familia ya mtoaji ilisema kombora. Mtu akizoea neno moja, jicho nalo hukubali kuona kitu kimoja.

"Kichwa kiko juu ya ganda," mama alisema polepole. "Kwa hiyo hakikuruka. Tazama na huu mkanda wa shaba nyekundu kiunoni mwake. Kikipita kwenye mtutu, mtutu unaung'ata, unauachia mistari. Huu ni laini kama pete ya bibi harusi. Nipe ya kitako. Unaona hiki kiduara cha katikati? Ndicho kiwashio. Hakijagongwa hata kidogo."

"Basi hadithi ya paa si ya kweli. Tutabadilisha kibao."

"Na hadithi ya askari walioondoa baruti?"

"Hiyo…"

"Hiyo imepanda mgongoni mwa ile ya paa. Ya kwanza ikianguka, ya pili imesimama juu ya nini?" Mama aliinua macho. "Nani amelibeba?"

"Mimi na mlinzi."

"Mmeliangusha?"

"Hapana."

"Mmeligongesha mahali?"

"Mama!"

"Nijibu."

"Kidogo tu. Kona ya mlango."

Mama Maganda alikaa chini. Binti naye akakaa. Alikuwa amelipangusa kombora lile wiki mbili, kila asubuhi, kwa kitambaa laini.

"Fomu niliijaza mimi," alisema mwishowe. "Pale penye hali ya kitu niliandika 'limeshapigwa na limetolewa baruti'. Sikuuliza nani kaona. Nikisema sasa, nitakuwa nimejisema mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na mkataba wangu unaisha mwezi ujao."

"Najua."

Mama hakuongeza neno, na hilo kwake lilikuwa gumu kuliko kubeba maji. Alimwacha mwanawe afike mwenyewe.

"Leta karatasi," binti akasema. "Nianze na kosa langu."

Mkurugenzi aliwasikiliza kwa nusu sikio. Alimsikiliza binti, yaani, na binti ndiye aliyeyasimulia nyumbani baadaye. Mgeni rasmi alikwisha kuthibitisha, alisema, na mtoaji ni mtu mzito, mzee mwenye biashara ya mbao anayejulikana mji mzima.

"Na mama yako amesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano, bosi. Na maganda ishirini na matatu."

Mkurugenzi alicheka, akamwambia akahesabu viti. Mama mwenyewe alikwenda kituo cha polisi, akasimama kwenye foleni na picha zake, na askari wa kaunta akamwambia kwa upole kwamba kitu kilicho kwenye jengo la umma kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeita wanajeshi. Basi jioni binti akamfuata mkurugenzi mpaka nyumbani kwake na barua ileile, picha tatu zimezungushiwa kalamu nyekundu. Akaenda kulala kwa shangazi yake, jirani na pale. Na mama akabaki na simu.

Simu haikulia. Kulipopambazuka alivaa, akavuta kitasa, akarudi akakivuta tena, akaenda.

Alifika kwenye jumba la makumbusho viti vya plastiki vikiwa ndiyo vinapangwa uani. Mlango wa chumba kipya ulikuwa mpana, wa mbao, wa pande mbili, na utepe wa bluu umekatiza mbele yake. Binti hakuonekana. Watoto walikwisha kufika, wamesimama mistari miwili mbele kabisa, hatua chache kutoka kwenye utepe. Alimwendea mwalimu wao.

"Mwalimu, jua hilo litawaangusha watoto. Kule nyuma ya ukuta mnene kuna kivuli kizuri. Wakiitwa, si watakuja tu?"

Mwalimu alitazama juu, akakubali, akashukuru. Mistari ikaondoka. Mama Maganda alivuta pumzi ya kwanza ya siku ile, kisha naye akatafuta kiti karibu na ukuta.

Mzee mmoja nadhifu mwenye fimbo akaja kuketi kiti cha jirani.

"Umekuja kuona kombora la babu yangu?"

Akajua ni mzee wa mbao. "Shikamoo, mzee. Nimekuja kuona mlango."

"Marahaba. Mlango?" Alicheka. "Mlango utafunguliwa, usihofu. Ingawa nasikia kuna mama mmoja, eti muuza vyuma chakavu, ameleta maneno. Anasema babu yangu mwongo."

"Hakusema mwongo."

"Wewe unamjua?"

"Ndiye mimi."

Mzee aligeuza fimbo yake mikononi. "Basi niambie machoni. Babu yangu alidanganya?"

"Mzee, chombo chenyewe ni cha kweli kabisa. Sijaona kizima namna ile maisha yangu yote, na mtu asikwambie ni cha bandia. Kilichonitatiza ni safari yake. Kile hakikuingia kwa paa. Kiliingia kwa mlango, kimebebwa na mtu. Babu alikiokota au alipewa. Akawapa watoto hadithi, kwani wazee wangapi hawafanyi hivyo?"

"Na nani alikitoa baruti?"

"Hilo ndilo ninalouliza, mzee. Wewe uliwaona hao askari?"

Mzee wa mbao aliugeukia ule mlango. "Tulikuwa tunalipanda," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi na kaka zangu. Kama farasi. Tukilipiga mateke liende mbio."

Saa nne kasoro dakika chache mkurugenzi alitokea kwenye ngazi. Hakuwa na mkasi mkononi. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala, na nyuma yake alisimama binti na bunda la funguo, hamtazami mama yake, hatazami mtu. Mkurugenzi alishika kipaza sauti.

"Ndugu wageni, mlango huu hautafunguliwa leo." Uani kukawa na mnong'ono. "Alfajiri nimekuja mwenyewe na tochi kuangalia kitu nilichoandikiwa. Nimekiona kama kilivyoandikwa. Wanajeshi walitaka nisitangaze kabla hawajafika; sasa wameshaingia kwa nyuma. Naomba tutoke wote, polepole, mpaka uwanja wa ng'ambo ya barabara. Watoto watangulie."

Watoto walitangulia, na kwa kuwa walikuwa upande wa ukuta karibu na lango, walikwisha kuvuka kabla wakubwa hawajainuka vitini. Mama Maganda aliwahesabu wakipita, asiowajua majina, mmoja mmoja.

Walikaa uwanjani karibu saa nzima. Kisha sajini mmoja, mtu mpana mwenye glavu zimening'inia mkandani, alivuka barabara.

"Nani mwenye barua?"

"Mimi ndiye niliyeandika," alisema binti, akapiga hatua mbele. "Na fomu yenye kosa ni yangu pia. Lakini macho ni ya huyu." Akanyoosha mkono wote, siyo kidole. "Mama yangu."

Sajini alimtazama mama, akatazama viatu vyake vya yadi, akarudi usoni. Akavua kofia.

"Lina kila kitu chake ndani, mama. Tutalitoa kwa nyuma, kwenye mchanga, bila haraka. Ulilishika?"

"Sijaligusa. Sijaingia hata humo ndani."

"Basi uko vizuri kuliko vijana wangu wawili." Akamgeukia mkurugenzi. "Mkipata kingine chochote cha namna hii, kabla ya kuniita mimi, mwulizeni huyu."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. "Tutamwuliza. Na huyu wa barua atabaki na funguo zake. Sina mwingine wa kunifuata mpaka nyumbani usiku."

Binti alicheka, kisha akaanza kulia, na mama akamshika mabega akimsimamisha wima, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na siku ile alitaka watazame vizuri. Mzee wa mbao alikuja akasimama karibu nao, fimbo mkononi, akitikisa kichwa kama mtu anayehesabu kaka zake.

Watu walipoanza kutawanyika, Mama Maganda alibaki ukingoni mwa barabara. Kutoka pale aliweza kuuona ule mlango mpana kupitia langoni, mbao zake zimebana, utepe wa bluu haujakatwa. Kijana mpiga picha, amechelewa, anahema, akasimama mbele yake na kamera kifuani.

"Mama, wameshafungua?"

"Hawajafungua."

"Hawatafungua kabisa?"

"Leo hawafungui."

"Aa, pole sana, mama."

"Pole ya nini, mwanangu?" alisema Mama Maganda. "Sema hongera."